Foleni ya Tunduma ianze kupimwa mkiani, sio getini

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee muda ambao malori yanakaa kuvuka mpaka wa Tunduma, wetu na Zambia. Foleni yenyewe imeshasemwa sana mpaka watu wamechoka, mimi nataka tuongelee kuipima.

Nipo Uyole hapa Mbeya, kazi yangu ni kuratibu malori ya mizigo ya transiti kwenda Zambia na Kongo. Mwenye mzigo anapiga simu toka Lubumbashi anauliza gari limefika wapi, nampigia dereva, anasema tupo Mpemba, hapa kabla ya kufika Tunduma, hatusogei. Nampigia aliyetangulia, yeye anasema mbona kunatembea vizuri tu. Wakala wa forodha naye anasema makaratasi yalishatoka zamani, shida ni dereva. Hapo wote watatu wanasema kweli yani, ila kila mmoja anaongelea kipande anachokiona yeye, na hakuna namba hata moja ya kumjibu yule wa Lubumbashi zaidi ya "vumilia bosi".

Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ule mji wa upande wa Zambia, kilizinduliwa Oktoba 2019, hayati Rais Magufuli akiwa na Rais Lungu wa Zambia, na wazo lake ni zuri na bado nalitetea, kwamba gari likaguliwe sehemu moja na maafisa wa nchi zote mbili badala ya kusimama huku alafu likasimame tena ng'ambo. Chirundu kule kati ya Zambia na Zimbabwe walishaanza hivyo tangu 2009. Lakini kituo kinaona gari likishaingia kwenye geti lake. Lori lililolala barabarani upande wa Mpemba halipo kwenye kompyuta yoyote ya getini, kwaiyo ripoti inaweza kusema gari limetoka kwa masaa machache na dereva akasema nimekaa siku nzima na zaidi, na hakuna aliyedanganya. Ni sawa na hospitali ihesabu muda wa mgonjwa kuanzia anapoingia kwa daktari wakati kwenye benchi amekaa toka alfajiri.

Wenzetu wamelishughulikia hili. Kwenye mpaka wa Marekani na Mexico pale El Paso, Texas, malori mengi yana kitambulisho cha redio kwenye kioo, kwaiyo wakafunga visomeo kandokando ya barabara, kimoja nyuma kabisa foleni inakoanzia na vingine mbele hadi pa kutokea. Lori likipita kisomeo cha kwanza namba yake inanaswa na saa, likipita cha mwisho inanaswa tena, unatoa moja kwa nyingine umepata muda. Kwenye daraja la Peace Bridge, kati ya Buffalo ya Marekani na upande wa Kanada, walitumia Bluetooth ya simu na redio za kwenye magari kwa mtindo huo huo. Kabla ya hapo sehemu nyingi afisa alikuwa anaangalia tu foleni imefika alama gani alafu anakadiria, na ikivuka ile alama basi na makadirio yamekwisha.

Sisi wala hatuhitaji kuanza na visomeo. Mzigo wa transiti unaotoka bandari ya Dar unafungwa sili ya kielektroniki inayotuma mahali gari lilipo njia nzima, na malori mengi yana GPS ya mwenyewe juu yake. Ukichora mstari kwenye ramani pale foleni inapofikaga ikiwa mbaya kabisa, tuseme kabla ya Mpemba au hata nyuma zaidi, ukachora mwingine getini na mwingine baada ya geti la Nakonde, gari likivuka mstari saa inajiandika yenyewe. Vifaa vipo tayari barabarani, kinachokosekana ni mtu wa kukaa na zile data azichambue azitoe hadharani. Kwenye ushoroba wa Mombasa mbona muda wa kuvuka Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, unapimwa kwa data za GPS na ripoti zinatoka.

Ila kuna mitego, na hapa naomba wahusika wanisikilize vizuri. Sio kila lori lililosimama lipo foleni. Dereva mwingine kapaki analala, mwingine wakala wake hajamaliza malipo, mwingine gari limekufa gia boksi pembeni ya barabara. Ukiyajumlisha yote ukatoa wastani, gari bovu lililokaa wiki linaharibu hesabu ya watu wote. Bora uyapange malori mia kuanzia lililowahi hadi lililochelewa, utangaze muda wa la hamsini na muda wa la tisini. La hamsini linaniambia hali ya kawaida, la tisini ndo linaniambia nijiandae vipi, maana mteja haniachi kwa sababu ya safari za kawaida, ananiacha kwa zile mbaya. Matenki ya mafuta yahesabiwe peke yake na magari tupu pia. Alafu vipande vitenganishwe: mkiani mpaka getini, getini mpaka kuachiwa, kuachiwa mpaka kuvuka. Bila hivyo tutaendelea kulaumiana, huku wanasema ng'ambo hawapokei, ng'ambo wanasema huku hawatoi.

Jambo jingine, gari lililotoka sasa hivi linakupa habari ya foleni liliyoikuta lenyewe wakati linajiunga, sio unayoenda kuikuta wewe. Mfumo ukigoma saa nne asubuhi, namba ya saa tano bado itakuwa nzuri. Kwaiyo pamoja na muda, watangaze pia mkia umefika wapi saa hii.

Namba hiyo ningekuwa nayo ningeshikilia gari Makambako au hapa Uyole, dereva akaoga akalala kitandani, badala ya kulipeleka likaongeze urefu wa mstari. Watu wa mbali hawajui dereva wa foleni analalaje. Anasinzia mkono upo kwenye usukani, mbele wakisogea mita kumi asipowasha gari haraka mwenzake anachomekea, na utingo anazunguka na tochi kuangalia turubai na tenki la dizeli lisifyonzwe. Posho yake ni ya safari, haiongezeki kwa siku za kukaa. Na barabara yenyewe ni hiyo hiyo TANZAM ya Dar kwenda Zambia inayobeba mabasi, kahawa ya Mbozi na mgonjwa anayekimbizwa hospitali.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika 2017, unazihimiza nchi kupima muda wa kuachia mizigo na kuuchapisha, kwaiyo siombi kitu cha ajabu. Naomba wanaohusika na mpaka, wetu na wa Zambia kwa pamoja, waanze hata na miezi mitatu ya majaribio kwa kutumia sili zilizopo, na namba zitoke kila asubuhi kwenye redio za hapa Mbeya na Songwe na kwenye simu za madereva. Pande zote mbili zipimwe, maana dereva anayepandisha shaba kuja Dar naye anakaa upande wa Nakonde hajui atavuka lini.

Mratibu wa malori,
Uyole, Mbeya