Asante mzee wa gambuti, njia ya Ruhija

Hii ni kwako mzee wa gambuti nyeusi uliyetukuta njia ya Ruhija, kule kusini-magharibi mwa Uganda, jina lako sikuuliza na hiyo inaniuma mpaka leo.

Tulikuwa watu wanne ndani ya RAV4 ya kukodi, tumetoka Kabale asubuhi tukaacha lami tukashika maramu ya kwenda msitu wa Bwindi, mvua ya Aprili imenyesha usiku kucha na kule juu ni zaidi ya mita 2,000, udongo unateleza kama sabuni, kwenye kona gari ikaserereka, tairi la nyuma likaingia mtaroni na kupasuka hapohapo. Jeki ikawa inazama tu kwenye tope, spea haina upepo wa kutosha, netiwaki hakuna, mama kiti cha nyuma ameshika rozari hasemi kitu.

Ukaja na jembe begani. Wala hukuuliza sisi ni kina nani. Ulichimba, ukakata matawi ya mkaratusi ukayapanga chini ya matairi, ukaweka jiwe bapa chini ya jeki, halafu ukamtuma kijana wa boda akalete pampu, na kwa Kiswahili chako kile cha jeshini ukaniambia "wacha presha, gari itatoka." Ikatoka kweli!

Nilipokupa pesa ulichukua elfu tano ya huyo kijana tu, yako ukakataa kabisa.

Mama anakutaja kwenye sala kila jioni. Webare munonga, yaani asante sana kwa Kikiga, mzee wangu. Na yeyote anayepita Ruhija akimwona mzee huyu, tafadhali amwambie tulifika salama.