Barua kwa mdogo wangu anayehangaika na neno "run"

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniambia ulifungua kamusi kutafuta maana ya "run", ukakuta safu zisizokwisha, na sasa unasema Kiingereza hukiwezi tena. Unakiweza. Neno hilo limewatoa jasho hata wenyewe. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na kitenzi hicho kimoja kwa zaidi ya miezi 9, akakipatia maana 645. Katika toleo la 1989 la kamusi hiyo, aliyeongoza alikuwa "set", mwenye maana zipatazo 430.

Kwa hiyo wazo la kukariri liache leo hii. Wewe unapiga simu, unapiga pasi, unapiga picha, unapiga magoti, unapiga kura, na hakuna aliyewahi kukupa orodha. Ulilisikia "piga" likiwa na mwenzake, ukalichukua hivyo hivyo zima zima.

Mzizi wa "run" ni mwendo. Mtu hukimbia, maji hutiririka, na tangu zamani Kiingereza kina neno hilo moja kwa vyote viwili. Ukishayashika hayo ya maji, mengi yanajieleza: pua inayotoa kamasi, nguo inayochuja rangi, bomba lililoachwa wazi. Zilipokuja mashine nazo zikaingia humo humo, kuanzia injini na treni hadi programu za kompyuta. Na kwa kuwa kinachokwenda lazima kiwe na wa kukiendesha, "run" likawa pia kuendesha kampuni au shule. Hapa naomba uwe macho sana. "She runs a school" wengi huifasiri "anakimbia shule", na kwetu anayekimbia shule ni mtoro. Mama wa watu ndiye anayeiongoza!

Halafu kuna vile vijineno vinavyofuata nyuma, ambavyo walimu huvipita haraka mno. Mimi naona kazi yote iko hapo. "I ran into him" ni kwamba nilikutana naye bila kutarajia. "I ran over him" ni kwamba nimemkanyaga na gari. Kijineno kimoja tu kimebadilika, na anayekusikiliza ataruka kutoka kitini.

"Run out" nalo lina ugumu wake, ila ni wa mpangilio. Sisi tunasema muda umetuishia, muda ndio unaotangulia. Wao wanaweza kusema hivyo pia, lakini mara nyingi mtu ndiye anayewekwa mbele: "we have run out of time". Sentensi hiyo itamke kwa sauti mpaka ulimi uizoee.

Kwenye siasa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikuta. Mgombea wa Marekani husemwa kwamba "runs", wa Uingereza kwamba "stands". Mmoja anakimbia, mwingine amesimama, na wote wanaomba kura.

Basi ile orodha kwenye daftari ichane. Kila ukikutana na "run", andika sentensi nzima kama ulivyoikuta, na pembeni yake andika ambavyo wewe ungeisema kwa Kiswahili, bila kujali kama umetumia "kimbia" au la. Zitakazokushinda nitumie tuzitazame pamoja. Tukitoka hapo tunaingia kwenye "get".

Ni mimi dada yako