Mteremko unapimwa kila siku 12, mbona hatuambiwi?

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya nyumba zinazopasuka huku kwetu Rungwe, Mbeya, na karibu kila aliyehojiwa anamtupia lawama fundi, mara simenti ilikuwa kidogo, mara nondo nyembamba, na kweli mafundi wa hivyo wapo, ila mimi ni mpima ardhi, nimebeba tripodi kuanzia Uyole mpaka Kyela zaidi ya miaka 15 na nawaambia kuna nyufa nyingine fundi hahusiki kabisa, ardhi yenyewe ndo inatembea.

Kuna mama mmoja Tukuyu aliniita nimrudishie mipaka ya kiwanja chake kipo kwenye mteremko. Bikoni mbili za juu, yaani vile vijiwe vya mpaka, zikakaa sawa na ramani, mbili za chini zimepishana nayo upana wa kiganja. Nikahisi nimechoka, kesho yake asubuhi nikarudia, jibu lilelile. Nikaandika ripoti, ofisi niliyoipelekea wakasema nimekosea kupima wakanirudishia makaratasi yangu. Masika iliyofuata ukuta wa jiko la yule mama ukafunguka mpaka mkono unapita. Naumia mpaka leo, maana sikuwa na ushahidi mwingine zaidi ya daftari.

Kumbe ushahidi unapita juu ya vichwa vyetu. Ulaya wana setilaiti za rada zinaitwa Sentinel-1, ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, ziko juu kama kilomita 693 na kila moja inarudi kwenye njia yake ileile baada ya siku 12. Rada haijali usiku wala mawingu, na kwa Rungwe tunavyokaa na ukungu hilo sio jambo dogo. Halafu picha zake ni bure, mwenye bando na kompyuta anapakua.

Inavyopima ndo kumenifurahisha zaidi. Chukua futi kamba ambayo namba zote za mita zimefutika, zimebaki milimita tu. Ukipima mara moja haikusaidii kitu, ila ukipima leo na mwezi ujao ukapima tena toka msumari uleule utajua imeongezeka au imepungua milimita ngapi, hata kama urefu kamili huujui. Rada nayo ni hivyo hivyo, inatuma wimbi chini linagonga ardhi na kurudi, wimbi lake lina urefu wa sentimita 5.6, wanaangalia limerudi likiwa limefikia wapi kwenye mzunguko wake, wanalinganisha picha mbili na tofauti wanaipaka rangi. Rangi zikizunguka mara moja kamili ardhi imesogea sentimita 2.8 kuifuata setilaiti au kuikimbia, yaani nusu ya wimbi, kwa sababu wimbi limeenda na kurudi.

Na haya sio ya Ulaya tu. Julai 2007 ardhi ilitikisika siku nyingi karibu na Ziwa Natron, picha za rada za setilaiti zilizotangulia Sentinel-1 zikaonyesha uji wa moto umejipenyeza chini ya mlima Gelai kama ukuta uliosimama bila kutoka juu, na Septemba hiyohiyo jirani yake Oldoinyo Lengai akaanza kulipuka. Desemba 2009 ikawa Karonga, Malawi, ukivuka mpaka wa Kasumulu tu hapo, nyumba zikaanguka, na rada ikaonyesha ufa uliokatika ulikuwa karibu na uso wa ardhi na wala sio ule mkubwa wa Milima ya Livingstone ambao wengi wangeushuku. Huo mkubwa uko upande wetu jamani. Na sisi tunalima chai na viazi kwenye miguu ya Rungwe, Ngozi na Kyejo, na Kyejo ulimwaga lava miaka kama 200 tu iliyopita, kwa mlima hiyo ni juzi.

Sisemi rada inaona kila kitu. Kwenye chai, migomba na misitu inahangaika, majani yanacheza na wimbi linarudi limevurugika, na mvuke wa mvua hewani nao unadanganya ukadhani ardhi imevimba, ndo maana zinahitajika picha nyingi za miaka, mbili hazitoshi. Inapoona vizuri ni kwenye mabati, zege na miamba, yaani mjini kwenye watu. Setilaiti ya NISAR ya Marekani na India iliyorushwa Julai 2025 ina wimbi la sentimita 24 ambalo linapenya majani vizuri zaidi, kwa hiyo hata Rungwe mambo yatakuwa afadhali. Wala tope linaloshuka kwa dakika chache, kama lile la mlima Kawetere lililofunika nyumba pale Itezi Aprili 2024, rada haiwezi kulikimbiza. Ila mteremko unaojivuta taratibu milimita kwa milimita, miezi na miaka kama ule wa Tukuyu, huo ndo kazi yake.

Kwa hiyo ombi langu liwafikie ndugu zetu wa GST Dodoma, taasisi ya jiolojia ya taifa, na walimu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya. TMA wanatuambia mvua ya kesho kwa Kiswahili na tunaelewa, basi na ramani ya ardhi inayosogea itolewe hata mara mbili kwa mwaka, ibandikwe ofisi za kata, na halmashauri isigawe kiwanja kwenye mteremko kabla haijaiangalia. Wakitaka kuhakikisha kwa mkono nitakuja na vifaa vyangu bila malipo, naanzia kwa yule mama, bikoni zake nne bado zipo na vipimo vyangu vya zamani ninavyo na tarehe zake.

Mpima ardhi, Tukuyu