Nondo za bwenini bado zipo

Mhariri,

Ilikuwa Machi 2001, Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Wavulana 67 waliteketea bwenini usiku, mlango mmoja umefungwa kwa kufuli, madirisha yana vyuma. Wengi walizikwa pamoja palepale shuleni. Mimi bado huamka nikiwawaza.

Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ulikataza vyuma madirishani. Lakini muhula huu, nilipokuwa nikisukuma sanduku la bati la binti yangu chini ya kitanda bwenini kwao, niliinua macho nikaona nondo dirishani, tena zimepakwa rangi mpya! Nikaambiwa ni za kuzuia wezi. Jamani, baada ya watoto 21 kufa kwa moto wa bweni shuleni Endarasha, Nyeri, mwaka 2024? Nimeandika barua zing'olewe. Nasubiri jibu, na usingizi sina.

Mzazi, Machakos