Sarafu ya jiji letu ipite mikononi mwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nifikishe ombi langu kwa Benki Kuu na kwa viongozi wa Jiji la Dodoma. Aprili 26, 2028 tutatimiza miaka kumi tangu Rais John Magufuli atangaze, hapa hapa Dodoma siku ya Muungano, kwamba Manispaa yetu imekuwa Jiji. Siku hiyo itolewe sarafu ya kumbukumbu, na iwe ya shilingi 500 ya kununulia na kuuzia.

Nasisitiza hilo la kununulia. Mwaka 2011, katika miaka 50 ya Uhuru, Benki Kuu ilitoa sarafu ya shilingi 50,000 ya madini ya fedha. Ilipendeza, lakini sarafu ya namna ile hununuliwa na wachache ikafungiwa kabatini. Mama anayeuza mboga Soko la Majengo ataionea wapi? Urusi tangu 2002 wanatoa sarafu za rubo 10 zenye picha za miji yao ya kale, na raia wanarudishiwa kama chenji. Sisi sarafu ya 500 tunayo tangu 2014, ilipoanza kushika nafasi ya noti zilizokuwa zikichakaa upesi. Tunachohitaji ni kubadili upande mmoja tu.

Na upande huo tuufikirie kweli. Sarafu zetu za 50, 100, 200 na 500 zimebeba kifaru, swala, simba na nyati. Mji hakuna hata mmoja. Nawasihi wachoraji wasikimbilie majengo ya serikali. Wachore kichala cha zabibu, kwa heshima ya wakulima wa Hombolo na Mpunguzi, na kando yake zeze la Wagogo. Nchi hii ilikuwa na wenyewe kabla reli ya Mjerumani haijafika, sembuse kabla ya TANU kuamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huku. Mwaka huo 1973 nao uandikwe, sambamba na 2018. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 45 ya watu kusubiri ahadi itimie, na wengi wao hawakuiona.

Kuchora, kuidhinisha na kutengeneza sarafu si kazi ya miezi miwili. Halmashauri ya Jiji ipeleke maombi yake Benki Kuu mapema, na wanafunzi wa shule zetu waruhusiwe kushindania mchoro.

Mkazi wa Chang'ombe,
Dodoma