Kabla hujamfungulia geti fundi wa kupulizia dawa ya mbu na kupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kampuni za kupulizia dawa majumbani. Masika yakikaribia, nguzo za umeme za Dar es Salaam hujaa vibandiko: "Tunaua mbu, kupe, kunguni, mende. Garantii miezi sita." Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika biashara hii hata wazuri hujitembeza, kwa hiyo kibandiko hakikwambii lolote. Utamjua mtu kwa anayofanya kabla hajapandisha bomba mgongoni.

Makaratasi kwanza, ingawa hayo ndiyo mepesi. Leseni ya biashara ya halmashauri, TIN na usajili wa BRELA vinathibitisha kwamba kampuni ipo na inalipa kodi, basi. Sumu ina msimamizi wake, nayo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, pale Arusha. Omba kibali chao, soma jina lililoandikwa na tarehe ya kuisha. Akikuonyesha cheti cha zamani chenye jina la TPRI, muulize cha sasa kiko wapi. Ukiona jina la kwenye kibali ni tofauti na la kwenye risiti, jua kibali kimeazimwa.

Baada ya hapo msikilize anauliza nini. Fundi anayeuliza tu "nyumba ina vyumba vingapi?" anapanga bei. Anayeijua kazi atataka kujua mbu wanauma saa ngapi, kwa sababu mbu si wa aina moja. Wa dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na huzaliana katika maji masafi ya ndoo, vyungu vya maua, matairi na vifuu vya nazi. Anayekuimbia sikioni usiku kucha mara nyingi ni kuleksi, ambaye hapa Pwani hueneza matende na mabusha. Huyo anatoka kwenye maji machafu ya chemba na mashimo ya vyoo. Wa malaria huuma usiku pia, lakini hupenda zaidi madimbwi ya wazi yanayopigwa jua. Hawa watatu hawatibiwi kwa dawa moja mahali pamoja.

Kwa hiyo nusu saa ya kwanza fundi mzuri hagusi bomba kabisa. Anazunguka na tochi na kata, anafunua simtanki, anainua mfuniko wa chemba, anachungulia mfereji wa bati ulioziba majani, ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi na sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Akikuta viluwiluwi anakuonyesha. Kwa joto la Dar es Salaam, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10, maana yake ukiua wanaoruka leo na kuyaacha maji yalipo, wiki ijayo unaanza upya. Hata kumwaga maji hakutoshi kwa mbu wa dengue. Hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Chombo kisuguliwe kwa brashi. Fundi asiyekwambia habari ya brashi anataka umwite tena mwezi ujao.

Kwa maji ya kunywa yasiyoweza kumwagwa kuna dawa maalumu ya viluwiluwi. Temefosi ya chembechembe ya asilimia 1 huwekwa gramu 10 kwa kila lita 100, isizidi hapo, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 linachukua gramu 100. Zipo pia dawa zinazotengenezwa kwa bakteria, za aina ambayo kiwanda cha Kibaha kinatengeneza, nazo huua viluwiluwi bila kumdhuru mtu wala samaki. Fundi akitaka kutia kwenye tangi ile ile dawa aliyopulizia ukutani, mtoe nje. Na kwa mashimo ya vyoo, Makunduchi kule Zanzibar ilionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba tabaka la punje za polistairini, ile plastiki nyeupe nyepesi, zinazoelea juu ya maji huwazuia kuleksi kutaga, na viluwiluwi waliomo hukosa hewa. Ni njia rahisi na hudumu kwa miaka, labda ndiyo sababu huisikii ikitangazwa.

Sasa moshi. Mashine ya kufukiza inaungurumisha mtaa mzima, watoto wanaikimbilia, na mteja anaona fedha yake imefanya kazi. Moshi ule ni matone madogo sana yanayomuua mbu anayeruka wakati huo tu. Ukitoweka, hakuna kilichobaki. Una nafasi yake: dengue ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, kupunguza haraka mbu wakubwa kulikuwa na maana, mradi ufanyike alfajiri au jioni upepo ukiwa umetulia. Ukifanyika saa sita mchana, hewa ya moto huupandisha juu na kuupotezea angani. Anayekuuzia moshi kwa ahadi ya miezi sita anakudanganya waziwazi.

Kinachodumu ni dawa ya kupuliza ukutani, ambayo mbu akitua kupumzika anaikanyaga na kufa. Hapa ndipo hesabu inapomuumbua fundi, nayo mteja yeyote anaweza kuipiga. Kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, kila mita ya mraba ya ukuta hupata mililita 40 za mchanganyiko. Chukua nyumba ya vyumba vitatu vya mita 3 kwa 4 na sebule ya mita 4 kwa 5, kuta zikiwa na kimo cha mita 2.7. Ukitoa milango na madirisha, inabaki kama mita za mraba 150. Hizo zinataka lita 6. Aliyemaliza nyumba hiyo kwa lita 2 amelowanisha kona tu.

Kiasi cha dawa nacho kinahesabika. Deltamethrini, mojawapo ya dawa hizo za ukutani, hupulizwa miligramu 20 hadi 25 kwa mita ya mraba. Kama chupa ina gramu 25 kwa lita, zile mita 150 zinahitaji mililita 120 hadi 150 za dawa ndani ya lita 6 za maji. Lebo ya bidhaa iliyosajiliwa ndiyo yenye neno la mwisho, lakini mtu anayepima kwa kifuniko na kusema "vifuniko viwili vinatosha" hajui kama ameweka nusu au mara mbili. Nusu yake inawaacha hai mbu wenye usugu, na usugu dhidi ya dawa za kundi hili la deltamethrini (pairethroidi) tayari ni tatizo kubwa nchini. Ndiyo maana ni haki yako kuuliza: wakirudi kabla ya muda, utabadilisha kundi la dawa au utaongeza dozi? Anayejibu "nitaongeza dozi" hajui kazi.

Mwombe pia apime bomba lake kwa maji matupu. Nozeli ya kawaida ya kazi hii, inayotoa dawa kwa umbo la feni, hutoa mililita 760 hivi kwa dakika presha ikiwa paundi 40. Jagi la lita moja na saa ya simu vinatosha. Ikijaza jagi kabla ya dakika kwisha, tundu limelika na dawa itachuruzika hadi sakafuni. Nozeli za bomba la shambani zinazotoa ukungu hazifai ukutani, kwa kuwa matone madogo hurudi yakamwingia mpulizaji puani. Akipuliza, ncha ikae sentimita 45 kutoka ukutani, mkono ukienda kwa mwendo ule ule juu na chini, na kila mkanda uupande kidogo uliotangulia. Ukuta wa udongo au uliopakwa chokaa hunywa dawa na kuivunja mapema. Huko dawa ya unga wa kulowekwa hukaa vizuri kuliko ya mafuta. Swali dogo hilo la aina ya ukuta linatenganisha fundi na mbabaishaji kuliko sare yenye nembo.

Chupa ifunguliwe mbele yako, ikiwa na lebo, namba ya usajili na tarehe ya kuisha. Usikubali dawa iliyokuja ndani ya chupa ya soda. Angalia mkanda wa rangi chini ya lebo: mwekundu ni sumu kali, haina kazi chumbani kwa watoto. Na yeyote anayetaja vidonge vya kuhifadhia nafaka kwa ajili ya nyumba ya kuishi asivuke kizingiti, maana gesi yake hupita kwenye nyufa na kumfuata jirani kitandani.

Kuhusu kupe, kosa kubwa ni kupuliza majani ya bustani na kuondoka. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi kwenye nyasi kama watu wanavyodhani. Akishashiba damu hushuka, hupanda ukuta na kujificha kwenye nyufa, nyuma ya fremu za milango na kwenye mbao za kibanda cha mbwa, na jike mmoja hutaga mayai maelfu. Dawa ielekezwe huko, na mbwa atibiwe na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, la sivyo unafagia nyumba mlango ukiwa wazi. Mayai hayafi kwa dawa ya kwanza, hivyo fundi mkweli atakuandikia ziara ya pili wiki mbili au tatu baada ya dawa ya kwanza. Kama kuna paka, aulize yeye kabla hujamwambia: pemethrini, dawa ya kupe, humuua paka, na amitrazi, nayo dawa ya kupe, haimfai. Wenye bwawa la samaki au mizinga ya nyuki nao wahojiwe. Kwa wasomaji wa Dodoma, papasi, aina nyingine ya kupe, ni habari tofauti kabisa. Yeye hukaa kwenye sakafu ya udongo na kutoka usiku, kwa hiyo kumwogesha mbwa dawa hakumgusi.

Kazi ikiisha, kaeni nje angalau saa mbili, kisha fungua madirisha, fagia sakafu na kutupa wadudu waliokufa chooni au kuwafukia. Kuta zisioshwe. Makopo matupu yasuuzwe mara tatu, yatobolewe na yaondoke na kampuni. Anayekuachia chupa ili "ikusaidie baadaye" amekuachia hatari.

Mwisho, risiti ya EFD iambatane na karatasi yenye jina la bidhaa, kiambato chake, kiasi kilichotumika, lita zilizopulizwa na tarehe. Wengi husema hiyo ni siri ya kampuni. Haiwezi kuwa siri, kwa sababu mtoto akianza kutokwa mate na kutapika usiku ule, swali la kwanza la daktari litakuwa ni dawa gani. Atropini, dawa ya hospitalini, huokoa aliyedhuriwa na viuatilifu vya oganofosfeti, ilhali haitibu sumu ya deltamethrini, na daktari hawezi kusubiri hadi fundi apokee simu.

Wako,
Mdau wa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa,
Dar es Salaam