Risala ya kikundi cha wanawake washonaji kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi wa dini, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana, karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanawake tunaoshona sare za shule, mashuka ya wodini na mapazia ya ofisi. Tulianza kwa vyerehani vya kuazima. Baadaye tukapata mkopo usio na riba wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, na matunda yake ni vyerehani ulivyovikagua muda mfupi uliopita.

Tunaishukuru Serikali kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake, zinazozitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Bila fungu hilo, bei zetu zisingefua dafu mbele ya wenye maduka ya jumla mjini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosekani. Zabuni zote ziko kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, na wengi wetu tuna simu za kitochi. Kijana wa steshenari ndiye anayetujazia, na nywila yetu anayo yeye. Akisafiri, na sisi tumesafiri. Tunaomba ofisi ya maendeleo ya jamii itutengee mtu wa kutuelekeza, hata siku moja kwa wiki.

Wapo pia wafanyabiashara wanaotafuta vikundi vya kujificha nyuma yake. Mmoja alitufuata na nyaraka zimeshachapwa, bei zimeshajazwa; alichotaka ni muhuri wetu, saini ya mwenyekiti, na sisi tubaki na chochote kitu. Tulikataa, ingawa kikao kilikuwa kirefu. Tunaomba kabla ya mkataba kusainiwa, maafisa wafike kwenye kikundi waone kama vyerehani vipo na nani anavikalia.

Kinachotuumiza zaidi, Mheshimiwa, ni malipo. Tulishinda zabuni ya mashuka katika taasisi moja ya umma ambayo hatutaitaja. Fedha ya mkopo ikaishia kwenye majora ya kitambaa. Tulipofikisha mzigo, kamati ya mapokezi ilihesabu shuka moja moja, ikapima pindo kwa futi, ikasaini bila dosari. Tukatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa hiyo kwa hesabu za Mamlaka ya Mapato (TRA) hayo tayari ni mauzo, wakati akaunti yetu haijaingia hata senti. Mweka hazina amefuatilia mpaka mlinzi wa getini anamwita shemeji. Jibu ni lilelile: fungu halijashuka.

Marejesho ya mkopo hayakusubiri fungu lishuke. Baadhi ya wanachama walikwenda kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili kulipa mkopo usio na riba. Mmoja cherehani chake cha nyumbani kilichukuliwa.

Hivyo tunaomba mambo mawili. Taasisi nunuzi zisitangaze zabuni za makundi maalumu kabla fedha yake haijawa na uhakika, na hati ya mapokezi ikishasainiwa malipo yetu yatangulie. Pili, pale tunapoidai taasisi ya umma, halmashauri isogeze mbele tarehe ya marejesho, maana anayetudai na tunayemdai wote ni Serikali.

Nakala ya mkataba, risiti na hati ya mapokezi tumeviambatisha kwenye risala hii, ili ofisi yako ipate pa kuanzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.